Nilivyoacha kukariri maumbo ya seli nyekundu

Nilipoanza kazi ya maabara hapa Dar es Salaam, kusoma maumbo ya seli nyekundu za damu kulinitesa kuliko kipimo kingine chochote. Majina nilikuwa nayakariri kwenye daladala, nikifika kwenye hadubini yanachanganyika. Dada aliyekuwa akisimamia zamu yetu akaniambia, "Mdogo wangu, jina liache kwanza. Niambie chini ya utando wa seli kumetokea nini."

Nikaanza kuchora. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini. Umbo lake linashikwa na wavu wa protini uliolala chini ya utando. Nyuzi za spektrini zimefungwa kwenye vipande vifupi vya aktini, na ankirini ni mojawapo ya vishikizo vinavyoushika wavu huo kwenye utando. Ni kama nyavu za wavuvi wa Feri: mafundo yakiwa mazima, utavuta na utarudi. Ndiyo maana seli ya mikromita 7 hadi 8 hupenya kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, iliyo nyembamba kuliko yenyewe, ikatoka na kurudia ubapa wake, siku 120 hivi.

Pembeni ya kila umbo nikawa najiuliza: kimelegea wapi? Kikilegea kishikizo cha wavu na utando, utando humeguka kidogo kidogo, uso unapungua kuliko ujazo, seli inakuwa tufe. Vikilegea viungo vya wavu wenyewe kwa wenyewe, seli ikivutwa hairudi; inabaki na umbo la yai.

Sikoseli ndiyo iliyonishangaza, na hapa kwetu tunaiona sana. Chanzo chake si wavu. Hemoglobini S, yaani aina ya sikoseli ya protini inayobeba oksijeni, ikikosa oksijeni hujipanga kuwa nyuzi ngumu zinazousukuma utando kutoka ndani, na oksijeni ikirudi nyuzi hizo huachana. Lakini zipo seli zinazobaki mundu hata zikiwa na oksijeni ya kutosha. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walizitoa seli hizo hemoglobini, wakayeyusha na utando, na wavu uliobaki peke yake ulikuwa bado mundu! Yaani wavu usio na kosa la asili ulikuwa umeshapindishwa usiweze kunyooka tena. Tangu niyajue hayo, kila mundu ninaouona kwenye slaidi naufikiria kwa uzito zaidi.

Slaidi nayo ina mambo yake. Usisome ukingoni kabisa: huko hata seli isiyo na kasoro hupoteza weupe wake wa kawaida wa katikati, ukadhani ni tufe. Tafuta mahali seli zinapokaribia kugusana bila kupandana. Na masika, hewa ikiwa nzito, kausha slaidi haraka kwa feni, maana ikichelewa kukauka seli hutokea na vitobo vinavyong'aa ambavyo havimo kwenye damu ya mgonjwa.

Tufe za kweli pia hazimaanishi kasoro ya kurithi tu. Kingamwili zikiganda kwenye seli, makrofaji (seli walaji) za bandama humega utando, na tufe zinazopatikana, hadubini haiwezi kuzitenganisha na zile za kurithi. Kwa hiyo nikiziona, jambo la kwanza ninalopendekeza kwa daktari ni kipimo cha Coombs, kinachoonyesha kama kingamwili zimeganda kwenye seli.