Usianze na koti

Nauza makoti ya mtumba Ngamiani, na wanaonijua kwa mara ya kwanza hucheka. Makoti, Tanga hii? Mji ambao Februari hata feni inapuliza moto? Wacheke tu. Madereva wa bodaboda wanaotoka Pongwe alfajiri hawacheki, wanaujua ule upepo. Watu wa Lushoto na Soni nao hawacheki. Hao hushuka kuja kufunga mzigo kabla ya Juni. Mteja wangu wa tatu ni msafiri, na leo naandika kwa ajili yake, maana ndiye mwenye haraka kuliko wote na ndiye anayenunua vibaya kuliko wote.

Anakuja hivi: "Dada, nipe koti zito kuliko yote." Ndiyo salamu hiyo. Analiona lile jeusi lenye manyoya kwenye kofia, analivaa palepale, jasho linamtiririka, anajipiga picha, anatoa hela. Mie hela sikatai, lakini kwanza atanijibu: unakwenda mji gani, mwezi gani, na nyumba utakayolala inapashwa joto au haipashwi? Koti tutalizungumza baadaye.

Mwezi watu wanausahau kabisa. Mama mmoja alikuja Mei kumchukulia bintiye nguo za kwenda Johannesburg. Alikuwa ameshika magauni ya mikono mifupi, ati kule ni Afrika hii hii. Mama yangu, Johannesburg iko juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai asubuhi inakaribia sifuri, mchana jua zuri la nyuzi 17 au 18, magharibi ikiingia inaporomoka tena. Binti wa namna hiyo koti la theluji la nini? Sweta mbili na jaketi la upepo, avae na kuvua kutwa nzima. Na Julai hiyo hiyo anayekwenda Ujerumani anakuta kiangazi, saa tatu usiku kweupe, watu wamevaa bukta.

La nyumba kupashwa joto ndilo linalowashangaza zaidi, hasa wanafunzi wa China. Chukua vijana wawili, mmoja Harbin, mmoja Wuhan. Harbin wastani wa Januari ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Wuhan ni nne au tano juu ya sifuri. Kila mtu anamhurumia wa Harbin. Lakini Harbin majengo yanapashwa joto kwa mabomba ya maji moto yanayopita mji mzima, ukiingia bwenini unabaki na fulana. Wuhan iko kusini ya Mto Huai, na tangu miaka ya 1950 serikali ya kule iliweka mpaka kwenye mto ule na milima ya Qinling: wa kaskazini wapashiwe joto, wa kusini wajitegemee. Kwa hiyo wa Wuhan baridi anaikuta darasani na anaikuta tena kitandani. Huyu ndiye wa kumfungia sweta nyingi na soksi nene za kulalia. Wa Harbin namfungia koti kubwa kweli, glovu, na kofia ya kufunika masikio, ila ndani aweke vyepesi. Wafanyabiashara wa Guangzhou nawaachia jaketi tu, Januari kule haishuki sana, inacheza nyuzi 13 na 14. Kiangazi chake ndicho cha kuogopa, mvua na fukuto ambalo hata sisi wa pwani tunatweta. Beba mwavuli.

Sasa ndani ya koti. Kosa la mtu wa pwani ni pamba. Tumezoea pamba na kwa joto letu hakuna kama pamba, lakini ndiyo inayokunywa jasho ikabaki nalo. Ulaya wakati wa baridi unakimbilia basi ukiwa umejifunga mpaka shingoni, basi lina joto, unaloa mgongo, unashuka kituoni upepo unakupokea. Fulana ya pamba iliyoloa inakugandia mgongoni mpaka ufike nyumbani. Kwenye ngozi vaa kitu chembamba cha kubana kinachokauka upesi, hata zile taiti za kufanyia mazoezi. Juu yake sweta ya sufu. Koti ni la tatu, kazi yake ni kuzuia upepo na maji, joto linatokana na vya ndani. Na upepo si mchezo: sifuri yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili unaihisi kama sita au saba chini ya sifuri.

Koti lenyewe, likitoka kwenye belo, mie huligeuza ndani nje kabla ya kutazama sura yake. Natafuta ule utepe mwembamba uliobandikwa juu ya mishono. Ukiwepo, na haujabanduka, koti hilo lilishonwa kwa ajili ya mvua. Kisha naliminya bega na kulisugua kidogo. Likiwa la manyoya ya bata na likaanza kutoa vijinyoya kwenye mshono, limechoka, litakuachia manyoya njia nzima. Zipu naipandisha na kuishusha, si mara moja, kisha naipandisha nikiwa nimeivuta kwa upande, kwa sababu zipu mbovu inajificha ukiivuta taratibu. Mwisho mifukoni. Humo mna historia ya watu: tikiti za basi, karatasi za pipi, funguo. Koti lenye mafuta ya jua mfukoni silisifii kwa anayekwenda Urusi, ingawa wenye kujua wataniambia hata kwenye theluji watu wanapaka.

Dada zangu wa buibui, msikubali kuambiwa haliwezekani. Linawezekana sana, chini unavaa taiti na sweta na hakuna anayekuona umenenepa. Shida ni pindo. Theluji ikianza kuyeyuka barabarani inakuwa tope jeusi lenye chumvi wanayomwaga ili watu wasiteleze, na buibui refu linalifagia lote. Mpelekee fundi alipandishe mpaka kwenye kifundo cha mguu, na ndani uvae buti. Dera na kanga beba, nyumba zao zina joto, utavitaka jioni.

Wenye ndugu Oman nao nisiwasahau. Muscat Juni ni tanuri, kila mtu anajua. Lakini ukialikwa Salalah Julai au Agosti, utakuta manyunyu, ukungu na majani ya kijani. Ni kusi yetu hii hii, upepo unaotoka kusini: ikivuka ikweta inapinda na kuelekea kaskazini mashariki, na kwenye milima ya kule inaacha unyevu. Sweta moja na viatu visivyoteleza vinatosha. Wa Hija mie sina cha kuwauzia. Juni 2024 pale Makka joto lilifika nyuzi 51.8, na mwanamume aliye kwenye ihramu hafuniki kichwa kwa kofia, ila mwavuli anaruhusiwa. Nunueni mweupe, mkubwa.

Jambo dogo ambalo wengi hulisahau ni mafuta ya nazi. Yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, hata hapa Tanga Julai asubuhi unayakuta meupe chupani. Ukienda nayo kwenye baridi kwenye chupa yenye shingo nyembamba, utaikung'uta mpaka uchoke. Tia kwenye kopo la mdomo mpana, uchote kwa kidole. Hewa ya kule kavu, midomo inapasuka.

Na koti usilitie kwenye begi la kupakiwa chini, linakula kilo, na begi likichelewa utashuka na shati. Lishike mkononi. Wengi wenu mnapitia Addis Ababa, na Addis ina zaidi ya mita 2,300, usiku wa kusubiri ndege utalihitaji kabla hujafika huko Ulaya.

Sweta nzuri za sufu zinaondoka Mei, watu wa Lushoto wanazichagua kwanza, hawana masihara. Anayesafiri Septemba aje Februari au Machi, wakati hakuna anayetaka hata kuligusa sweta. Bei tutaelewana.