Neno moja kwetu, mawili kwao

Sisi tuliotoka Unguja na Pemba tukaja Uingereza, vitenzi vigumu vya Kiingereza havitushindi. Vinavyotuangusha ni vile vyepesi, ambavyo kwetu ni neno moja na kwao ni mawili au matatu. Ukitaka kuvijua usianzie kwenye kamusi yao. Anzia kwenye Kiswahili chako, utafute neno linalobeba kazi nyingi.

Tazama kuazima. Jirani wa Wete akitaka mbuzi ya kukunia nazi atasema "niazime mbuzi yako", na akiulizwa kaipata wapi atasema "nimeiazima kwa jirani". Anayetoa anaazima, anayepokea anaazima. Kiingereza huangalia kwanza kitu kinakwenda upande gani. Kikitoka kwako ni "lend", na anayepewa hutajwa papo hapo: "I lent him my drill". Kikija kwako ni "borrow", na aliyekupa hutanguliwa na "from": "I borrowed it from him". Ndiyo maana "borrow me your pen" haisimami. Kitenzi hicho hakina nafasi ya mtu anayefanyiwa, kwa hiyo "me" haina pa kukaa. Sema "lend me your pen" au "can I borrow your pen?"

Kwenye nyumba tuna nafuu, maana tuna maneno mawili, kukodi na kukodisha. Mpangaji "rents", mwenye nyumba "lets", na kibao cha "To Let" mlangoni maana yake inakodishwa. Gari au ukumbi wa siku moja, Waingereza hupenda "hire".

Neno lenye hatari hasa ni kusikia. Kwetu sikio linasikia, pua inasikia, na mwili nao unasikia: sauti, harufu, baridi, maumivu, vyote vimo humo. Kwao kila kimoja kina kitenzi chake. "Nasikia harufu ya gesi" ni "I can smell gas". Ukipiga simu ya dharura ukasema "I hear gas", anayepokea atadhani kuna bomba linalovuma, na ile harufu, ambayo ndiyo dalili kubwa, hukuitaja. Mbele ya daktari, kizunguzungu, homa na maumivu ni "feel", na jana yake ni "felt". Shika matamshi ya mwisho wa neno hilo, kwani "fell" ni kuanguka. Mgonjwa aliyesikia kizunguzungu na mgonjwa aliyeanguka hawaulizwi maswali yale yale. Mguu ukiuma sema "my leg hurts". Ile "my leg is paining me" tuliyoizoea tangu skuli, huku haitumiki. Maumivu ya chini kwa chini yasiyokatika huitwa "ache", nalo neno hili humsaidia daktari.

Kuvaa kunatuchanganya kwa njia nyingine, maana tofauti tunaiweka kwenye wakati. "Anavaa koti" mkono bado unatafuta tundu: "she is putting on her coat". "Amevaa koti", tayari limo mwilini: "she is wearing a coat". Msimamizi wa ghala akisema "put on your gloves" anataka uvae sasa hivi. Akisema "you must wear gloves", usizivue glavu mpaka kazi iishe.

Na kuiba. "Steal" hufuatwa na kitu: "they stole my phone". "Rob" hufuatwa na mtu au mahali: "they robbed me". Ukisema "they stole me" umetekwa wewe mwenyewe! Kisha kuna sheria. Kwa England na Wales, Sheria ya Wizi ya 1968, kifungu cha 8, inataka pawe na nguvu au vitisho ndipo wizi uitwe "robbery". Simu iliyochopolewa mfukoni ndani ya basi bila ya wewe kujua haimo humo, japo watu mitaani huchanganya. Polisi na bima waambie "my phone was stolen". Ukiandika "I was robbed", wanaweza kukuuliza nani alikutisha na kwa nini hukulitaja hilo mwanzo. Mwizi akiingia nyumbani hampo akabeba televisheni, kitenzi ni kingine tena: "our flat was burgled".