Tangi la magamba: samaki wanane nisiowaona

Siku ya 1, Jumamosi

Hatimaye wameingia. Samaki wanane aina ya Neolamprologus multifasciatus, wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Wafugaji tunawaita "multi" tu, maana jina hilo walilopewa na mtaalamu wa samaki Boulenger mwaka 1906 linachosha ulimi. Nimewachukua kwa mzee mmoja wa Tegeta anayewazalisha barazani kwake, kwa hiyo ziwa lenyewe hawajawahi kuliona.

Tangi ni la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, kazi ya fundi vioo wa mtaani. Nimeliacha likomae wiki tano, na ndani nimeweka sponji ya kuchujia maji iliyokwisha kutumika kwenye tangi langu la zamani ili bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki wawepo. Maji ni ya kisima chetu hapa Mbezi, yale yale tunayoyalalamikia kila siku kwa ukoko yanaouacha kwenye birika. Kwa hawa samaki ukoko ni neema: maji ya Tanganyika ni magumu na pH yake (kipimo cha asidi, 7 ikiwa katikati) inakaribia 9. Yangu yamesoma 8.2. Joto nyuzi 26, na kwa kuwa ni Julai sina wasiwasi. Desemba itabidi nitafute feni.

Nimewazoeza maji mapya kwa mpira wa dripu kutoka duka la dawa, wenye kile kigurudumu cha kubania. Tone kwa tone, saa moja na nusu. Nikazima taa, nikawaachia. Ndani ya sekunde kumi sikumwona hata mmoja.

Siku ya 2

Mchanga na magamba.

Siku ya 3

Nyuso mbili kwenye midomo ya magamba, macho ya buluu yanang'aa. Nikasogea. Zikapotea.

Shemeji yangu amekuja kutusalimia. Ni mtu wa Kigoma. Akalitazama tangi kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Shemeji, sasa hapa umefuga nini?" Nikamwambia samaki wa kwao. Akasema kwao wanakula migebuka na kuhe, hivi vya kukaa kwenye magamba mvuvi havimhusu. Nikashindwa kujizuia, nikamweleza kwamba kuhe na hawa ni wa jamii moja, jamii ya sikilidi, ile ile ya sato. Kuhe ndiye mkubwa kuliko sikilidi wote wa ziwa lile, na hawa ni miongoni mwa wadogo kabisa: dume hafiki sentimita 5. "Basi ningekuletea kuhe," akasema, "angalau angeonekana."

Siku ya 5

Naandika hili kwa aibu kidogo.

Chakula ninachoweka kinabaki. Kila asubuhi nakinyonya kwa mpira nisije nikachafua maji. Nikaanza kufikiri: magamba yapo 22, samaki wanane, si ndiyo sababu wanajificha? Mahali pa kujificha pamezidi. Nikatoa magamba 13 yaliyokuwa matupu, nikabakiza tisa. Kila mmoja na chumba chake na kimoja cha ziada. Nilijiona mjanja.

Siku ya 6

Kweli sasa naona samaki. Naona dume mkubwa akiwafukuza wenzake. Ameshika kona nzima ya kushoto yenye magamba manne na hataki mtu asogee. Mmoja mdogo amebanwa nyuma ya sponji, karibu na uso wa maji, mapezi ameyakunja na anahema haraka haraka. Michirizi yake imefifia hadi anaonekana wa kijivu.

Nimepima maji kwanza, maana kwenye pH ya juu amonia, ile inayotokana na uchafu wa samaki, huwa sumu kali zaidi kuliko kwenye maji ya kawaida. Amonia sifuri, naitraiti (sumu nyingine ya uchafu huo huo) sifuri. Kwa hiyo maji hayana kosa.

Siku ya 7

Yule wa nyuma ya sponji amekufa. Wamebaki saba.

Nimempigia yule mzee simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza, na sikumficha habari ya magamba. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe ukihamia mtaa usioujua, usiku unasikia kelele nje, na mlango wako umeng'olewa. Utatoka kupunga upepo?"

Akanieleza alivyowaona kwake. Samaki huyu hatoki kwa sababu hana pa kujificha. Hutoka pale anapokuwa na uhakika kwamba gamba liko nyuma yake, umbali wa kupiga mkia mara moja. Ziwani wanaishi juu ya malundo ya magamba ya konokono aitwaye Neothauma. Konokono hufa, gamba halimomonyoki upesi kwa sababu maji yana chokaa nyingi, basi yanarundikana chini miaka nenda miaka rudi, na kundi zima linapanga humo. Tisa kwao ni kama kuwaweka uwanjani.

Siku ya 8

Magamba yote yamerudi, na nimeongeza mengine 20. Haya ni ya wale konokono wakubwa wa bustanini. Nimechagua ya wale wachanga, yenye mdomo wa kama sentimita 2 na nusu. Nimeyachemsha, nikayasugua, nikayachemsha tena. Jambo moja nimejifunza kwa kulowa: ukilitumbukiza gamba hivi hivi, hewa inabaki kwenye mzunguko wa ndani, na linageuka au kuelea. Lizungushe ndani ya ndoo mpaka mapovu yaishe, ndipo uliweke.

Nimebandika karatasi nyeusi nyuma na ubavuni, pande tatu. Taa nilikuwa nimenunua kali mno, nikaifunika nusu kwa kipande cha boksi. Na mkeka wa sponji chini ya meza, kwa sababu tangi liko karibu na mlango wa korido na mwanangu hajui kufunga mlango bila kuubamiza.

Siku ya 10

Nimeingiza gapi watano, samaki wadogo wa mapambo, kutoka kwenye pipa la maji la jirani, ambako kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Gapi hawana shida na maji magumu, na hawaogopi chochote, hata akili sijui kama wanayo. Mzee ndiye aliyenishauri: waoga wakiona wenzao wanaogelea juu kwa raha, wanaelewa kwamba hakuna hatari.

Nimekiweka kiti mita mbili kutoka kwenye tangi. Nakaa na chai yangu, sisogei.

Siku ya 11

Nyuso nne!

Siku ya 13

Chakula cha punje bado wanakidharau. Nimejaribu viluwiluwi kutoka kwenye ndoo ya nyuma ya nyumba, nikavichuja kwa kichujio cha chai (cha zamani, tafadhali). Kiluwiluwi anacheza majini, na hilo multi hawezi kulivumilia. Wametoka saba wote. Dume mkubwa amekula sita peke yake, kisha akakumbuka kwamba anatakiwa kuogopa, akarudi ndani.

Mke wangu ameruhusu ndoo kwa sharti moja: ichujwe kila siku bila kukosa. Akiumwa na mbu mmoja tu chumbani, ndoo na tangi vinatoka pamoja.

Siku ya 19

Sikuandika kwa sababu nilikuwa natazama. Wamegeuka mafundi ujenzi. Samaki wa sentimita 3 anachota mchanga kwa mdomo, anakwenda kuutema mpakani mwa jirani, anarudi. Mwingine anapiga mkia mbele ya gamba mpaka linazama na kubaki mdomo tu juu. Mpangilio niliouhangaikia siku nzima umevurugwa wote. Upande wa kulia kuna shimo linalofika kwenye kioo cha chini.

Sasa nikipita kwa mwendo wa kawaida hawakimbii. Nikiinama ghafla wanapotea, lakini wanarudi baada ya kama dakika moja. Siku ya 2 wasingerudi hadi kesho yake. Mlango ukibamizwa bado ni balaa.

Siku ya 24

Jike mmoja wa kulia hatoki kabisa tangu juzi isipokuwa kula. Akimaliza anaingia, na akiona gapi anasogea anatoka kumfukuza, gapi ambaye ni mkubwa kuliko yeye. Nimeacha kusafisha upande ule.

Siku ya 33

Jioni, taa imeshazimwa, nilimulika kwa tochi ya simu kutoka mbele. Mbele ya gamba la yule jike, juu ya mchanga, kuna vitu kama vipande vya ukucha vinavyorukaruka. Nimehesabu vitano. Mwanangu ana macho mazuri kuliko mimi, akasema ni saba. Akaenda kwenye korido na, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nyumba hii, akaurudisha mlango taratibu kwa mikono miwili.