Kiuno cheupe wa Monduli na safari ya kutoka tundra

Mwaka jana mwezi wa kumi nilikuwa kwa mjomba Monduli, shamba la ngano limeshavunwa, limebaki mabua na udongo mtupu, nikamwona kasimama wima juu ya donge la udongo kama askari wa zamu. Ndege mdogo tu, rangi ya kahawia-kahawia, kifua kama chai ya maziwa, ukipita haraka humtambui. Anakimbia hatua chache, anasimama ghafla, anainama kidogo, anachezesha mkia, anadokoa kitu chini, anakimbia tena. Nikasogea, akaruka chini chini na hapo ndo nikaona kiuno cheupe pee na kwenye mkia kuna T nyeusi iliyopinduliwa. Jamani nilifurahi, manake nilikuwa nimemsoma miaka na sijawahi kumwona kwa karibu hivyo.

Mjomba akaja nyuma yangu, nikamwamkia, akauliza, "Unaangalia nini mjomba?" Nikamwonyesha. Akasema, "Aah huyo, huwa anakuja vuli ikikaribia, masika ikianza humwoni tena." Hajawahi kushika kitabu cha ndege lakini kalenda yake ni sahihi kabisa.

Kitaalamu anaitwa Oenanthe oenanthe. Waingereza wanamwita wheatear, ukisikia unadhani ni mambo ya ngano, kumbe ni maneno yao ya zamani yaliyopindapinda tu, maana yake tako jeupe. Mi namwita kiuno cheupe, inatosha.

Sasa sikia huyu anatoka wapi. Wanazaliana Ulaya, Asia ya kaskazini mpaka Siberia, wakavuka wakafika Alaska, na upande wa pili wako Greenland na mashariki mwa Kanada. Kule tundra, yaani nyanda za baridi kali za kaskazini, hakuna miti ya maana, ni mawe na majani mafupi, kwa hiyo jike anaweka tago lake chini ya jiwe au kwenye shimo la mnyama, mayai ya bluu iliyopauka, mara nyingi matano au sita, anaatamia kama wiki mbili. Kiangazi cha kule ni kifupi mno ila wadudu ni wengi kweli kweli na jua karibu halizami, basi wazazi wanalisha makinda kutwa. Mwezi wa nane safari.

Mwaka 2012 timu ya Franz Bairlein, mtaalamu wa ndege wa Ujerumani, ilitoa utafiti, waliwafunga ndege wa Alaska na wa kisiwa cha Baffin kule Kanada vifaa vidogo vinavyorekodi mwanga. Kifaa chenyewe hakirushi taarifa popote, kinaandika tu jua limechomoza saa ngapi limezama saa ngapi, na kwa urefu wa siku na saa ya adhuhuri unajua ndege alikuwa wapi duniani, lakini lazima umkamate tena mwaka unaofuata ukitoe. Waliopatikana wa Alaska walikuwa wamepita Siberia, Kazakhstan, jangwa la Arabuni, wakaja kukaa Sudan, Uganda na Kenya. Karibu kilomita 14,500 kwenda tu! Kuja ilichukua kama miezi mitatu, kurudi chini ya miezi miwili. Na mwenyewe ana gramu 25, chukua vijiko viwili vikubwa vya sukari ushike mkononi, ndo uzito wake huo. Yule wa Baffin yeye alivuka bahari ya Atlantiki moja kwa moja mpaka Uingereza siku kama nne, akaenda zake Afrika Magharibi.

Kinachonigusa zaidi ni hawa watoto. Wanasafiri usiku, kila mmoja peke yake, hakuna baba wala mama wa kumwonyesha njia, ana miezi michache tu tangu atoke kwenye yai na dira anayo ndani mwake. Na wa Alaska angeweza kushuka tu Amerika ya Kusini kama ndege wengine wa kule, lakini hapana, anarudia njia ya mababu zake waliotoka upande huu wa dunia. Ndo maana mi sipendi kusikia anaitwa mgeni, kwa mwaka anakaa Afrika muda mrefu kuliko tundra.

Huyu wa Monduli hana kifaa chochote, kwao panaweza kuwa Urusi au Alaska, kwangu ni yule yule. Mwezi wa tatu nilirudi nikamkuta, dume kumbe, mgongo umekuwa kijivu safi, barakoa nyeusi machoni, na kanenepa, wanajaza mafuta kabla ya kuondoka, akidokoa siafu na mbawakawa bila kupumzika pale pale kwenye donge lake, mwingine wa aina yake akisogea anamfukuza.

Mwanzoni mwa mwezi wa nne mjomba akanipigia simu, tukaongea habari za nyumbani na mbegu, halafu kabla hajakata akasema, "Mjomba, yule rafiki yako leo siku ya tatu hayupo. Na mvua imeanza."