Siku moja kitaluni kwangu Mikindani

Saa 12 asubuhi. Jua halijatoka sawasawa, nimeshajaza keni mbili. Asumini na mawaridi nayamwagilia, bogenvilia naziruka makusudi. Ukizinywesha kila siku zinatoa majani matupu. Zikikaa na kiu kidogo ndipo zinachanua, na mwezi huu wa nane kitalu chote kimewaka.

Saa 2. Vibao vya majina vya safu mbili za bogenvilia vimefutika kwa jua na viriba vimechanganyika. Natambua upya, mche kwa mche. Rangi haitoshi kabisa! Nashika kishada cha zambarau: majani matatu, mepesi kama shashi. Haya ndiyo watu wanayaita maua, kumbe ni majani. Ua lenyewe ni kamrija keupe, kembamba kama njiti ya kiberiti, kamegandia kwenye mshipa wa kila jani. Kishada cha jirani yake hakina kamrija hata kamoja, ni majani ya rangi yamejazana. Aina hiyo ni nzuri sana, ila haipukutishi. Inakaukia mtini, nawe uwe tayari na mkasi.

Kisha nageuza jani la kijani, nalipapasa. Linalong'aa, halina vinyweleo vya kushikika: hiyo ni spishi ya bogenvilia iitwayo glabra. Lenye vinyweleo, na mti wenye miiba mikubwa iliyopinda: spishi nyingine, spectabilis. Zote mbili huwa za zambarau, na wengi wanapotea hapo.

Saa 4. Bibi mmoja wa Ufukoni kaja na tawi kalifunga kwenye kanga.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Uliniuzia ya dhahabu, mbona inanigeukia waridi?”

Nikamwonyesha nchani, vishada vichanga bado vya dhahabu. Vya chini, vilivyokomaa, waridi. “Ni ileile bibi. Inazaliwa hivi, inazeeka hivi.” Alilitazama tawi kwa muda mrefu. Nilipaswa kumwambia siku ya kwanza, na iliniuma.

Saa 7, wali na pweza.

Saa 9. Nakata pingili za unene wa penseli. Kila tawi nimelifunga uzi wa rangi yake likiwa bado na maua, kwa sababu pingili ikishakuwa tupu hakuna wa kukwambia itachanua nini.

Saa 11 jioni naandika vibao vipya kwa rangi ya mafuta. Cha kwanza: “Dhahabu, baadaye waridi.”