“Umezikaanga kwanza?”

Siku ya nne leo na bado nalisikia. “Umezikaanga kwanza?” Nami nikajibu, “Ndiyo, señora.” Uongo mkavu, na chakula chenyewe kiko mezani kinanisuta.

Mnakumbuka nilisema Jumatatu kazini kila mtu anakuja na chombo chake. Pilau yangu wameshaizoea, nikaona safari hii niwapikie cha hapahapa Texas: nyama ya ng'ombe na tortila, vile vichapati vyembamba vya Mexico, tabaka juu ya tabaka. Nikakaanga nyama ya kusaga na kitunguu, thomu, pilipili ya unga na binzari nyembamba (hiyo hainishindi, nimekua nayo), nikatia nyanya za kopo na maharage meusi. Nikapanga sosi, tortila, nyama, jibini, tena tortila, mpaka trei ikajaa. Oveni digrii 350 za huku, nusu saa. Juu kukapiga rangi ya dhahabu, nikapiga picha nikamrushia wifi.

Ila ilikuwa saa sita usiku, na ile kazi ya kupitisha tortila mojamoja kwenye mafuta ya moto niliiruka. Ni sekunde chache tu kila upande, mafuta yanaikinga isinywe sosi ikalegea. Nilijua. Kufika mchana, tabaka la chini lilikuwa bokoboko. Baba Neema alikuwa ameonja asubuhi akasema tamu, lakini yule hata ugali mbichi kwake mtamu.

Sasa mwenzangu wa sinki la pili, yule mama wa Puebla, Mexico, akachota kijiko, akatafuna polepole, akauliza. Nikajibu. Akasema, “Ah.” Basi, akaendelea kula.

Hiyo “Ah” nimeigeuza kila upande. Nikisugua masufuria, ah. Kwenye foleni ya barabara ya 610, ah. Jumatano nimekula kiapo cha uraia, mkono juu, picha mtaziona, na katikati ya kiapo nikaisikia. Ningesema tu kwamba usingizi ulinizidi, ningepungukiwa nini? Wala si kwamba alitarajia makubwa. Alishaniambia zamani kwao tabaka kama hizi zipo, wanaita pastel azteca, ya kuku na pilipili za poblano, hii ya nyama ya kusaga ni mambo ya huku.

Leo nimemkuta ameniwekea kifurushi cha kitambaa juu ya kabati langu. Tortila za mahindi, kaziumba mwenyewe, bado zina joto. Nimefungua harufu ikanipiga: mahindi yao huyachemsha kwa chokaa kwanza, ganda litoke, ndipo wasage. Mie chokaa naijua ya tambuu na ya ukuta! Tumecheka mpaka msimamizi akachungulia.

“Zilaze siku mbili, mija,” akaniambia; mija kwao ni mwanangu. “Zikiwa mpya zinakunywa mafuta. Zikilala ndiyo unakaanga.”

Ya Jumatatu hakuitaja.

Hazikulala. Nimekula nne ndani ya gari, na chumvi ile ya pakiti, nyingine wamezimaliza nyumbani kabla sijavua viatu.

Neema siku hizi akisoma anasogeza daftari mpaka puani. Nimemwona mara tatu wiki hii. Nikimuuliza ananiambia, “Naona vizuri, Mama.”