Nilivyoharakisha kuunganishwa kwa vihisi vyangu vya Bluetooth

Mtu akigusa kitufe kwenye simu, anataka kipimo hapo hapo. Vihisi vyangu vya joto na unyevu, vinavyotumia betri bapa kama ya saa, havikumpa hilo. Vinazungumza na simu kwa Bluetooth ya umeme mdogo, ile iliyoingia katika toleo la 4.0 mwaka 2010. Vilipima sawasawa na betri ilidumu, lakini kuunganishwa kulisuasua hadi mtumiaji akadhani kifaa kimekufa. Sikuwa tayari kukiacha kifaa kizuri kionekane kibovu kwa sababu hiyo.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote niliweka alama za muda katika programu ya simu: amri ilipotolewa, tangazo la kwanza la kihisi (ishara fupi ya redio ya kusema kipo) liliposikika, kiungo kilipokamilika, orodha ya huduma (makundi ya data ambayo kihisi hutoa) ilipomalizwa kusomwa, na kipimo cha kwanza kilipofika. Naisisitiza hatua hii kuliko zote zinazofuata. Alama zilionyesha wazi kwamba muda mwingi haukupotelea katika kutafutana hewani, bali baada ya kiungo kukamilika. Bila hizo ningechoma betri kwa kuongeza matangazo huku ucheleweshaji mkubwa ukibaki palepale.

Hata hivyo matangazo nayo yalikuwa na lake. Kihisi hujitangaza kwenye chaneli tatu tu, 37, 38 na 39, zilizowekwa 2402, 2426 na 2480 MHz ili zikwepe chaneli za Wi-Fi zinazotumika zaidi. Muda kati ya tangazo na tangazo unaweza kuwa milisekunde 20 hadi sekunde 10.24. Jambo ambalo ni rahisi kulisahau ni kwamba tangazo la polepole hulipiwa mara mbili: simu husubiri tangazo ili ijue kihisi kipo, kisha husubiri jingine ili itume ombi la kuungana, kwa sababu ombi hilo hutumwa mara tu baada ya tangazo kusikika. Niliamua kihisi kijitangaze kila milisekunde 20 kwa sekunde 30 baada ya kuamshwa kwa kitufe, kisha kishuke hadi milisekunde 1022.5. Takwimu hizo zimo katika mapendekezo ya Apple kwa watengenezaji wa vifaa, na zinafaa kwa sababu zimepangwa kuendana na jinsi simu zao zinavyosikiliza.

Upande wa simu, nilihakikisha usakaji unafanyika katika hali ya haraka wakati mtumiaji anaangalia skrini. Katika hali ya kuokoa umeme simu husikiliza kwa sehemu ndogo tu ya muda, na tangazo likipita wakati imeziba masikio, limepotea. Kwa kihisi ambacho anwani yake haibadiliki na simu inaijua tayari, niliondoa usakaji kabisa, simu ikawa inaomba kuungana moja kwa moja. Kwenye Android niliacha kigezo cha kujiunganisha chenyewe kikiwa kimezimwa kwa ombi linalotoka kwa mtumiaji, maana kikiwashwa simu husubiri kihisi kwa utulivu, bila haraka.

Sasa pale penye uzito. Kiungo kikishakamilika, simu na kihisi hukutana kwa miadi, na nafasi kati ya miadi moja na nyingine inaweza kuwa milisekunde 7.5 hadi sekunde 4. Simu husoma orodha ya huduma kwa maswali na majibu, na swali jipya haliendi kabla ya jibu la swali lililotangulia kurudi. Chukua maswali 20: miadi ikiwa ya sekunde moja, hizo ni sekunde 20 au zaidi, ikiwa ya milisekunde 15, ni kama theluthi moja ya sekunde. Programu ya mfano niliyoanzia iliomba miadi ya sekunde moja mara tu kiungo kilipokamilika, ili kuokoa betri, kabla simu haijamaliza hata kuuliza kuna huduma gani. Kurudi kwenye kasi nako si papo kwa papo, kwa kuwa mabadiliko hupangwa kuanza angalau miadi sita mbele. Miadi ikiwa ya sekunde moja, hizo ni sekunde sita za kungoja ruhusa ya kukimbia!

Nikaliahirisha ombi hilo la miadi ya sekunde moja. Kihisi sasa kinasubiri kazi ya mwanzo iishe. Vipimo rasmi vya Bluetooth vyenyewe vinapendekeza kifaa kingoje sekunde 5 kabla ya kuomba mabadiliko. Kwenye Android programu huomba kipaumbele cha juu, kinachotoa miadi ya milisekunde 11.25 hadi 15. Kwenye iPhone programu haina amri hiyo, hivyo kihisi ndicho huomba, na simu ndiyo huamua.

Kisha idadi ya maswali yenyewe. Kikomo cha ujumbe, MTU, huanza na baiti 23. Huduma za kubuni mwenyewe zina vitambulisho vya biti 128, na kila moja huchukua baiti 20 katika jibu, kwa hiyo jibu moja hubeba huduma moja tu. MTU ikiwa 247, zinaingia 12. Niliongeza MTU kabla ya kusoma huduma, nikaunganisha huduma zangu zilizotawanyika kuwa moja, na urefu wa pakiti, yaani kipande kimoja cha data kinachorushwa hewani, nikaupandisha kutoka baiti 27 hadi 251, jambo lililowezekana tangu toleo la 4.2.

Kwa simu iliyokwisha kuoanishwa, funguo za usimbaji huhifadhiwa, na orodha ya huduma inaweza kuhifadhiwa pia, hivyo mkutano wa pili huruka karibu yote niliyoyaeleza. Ila ukibadilisha huduma katika toleo jipya la programu ya kihisi, lazima kihisi kiitaarifu simu kwamba zimebadilika, la sivyo itaendelea kusoma mahali ambapo hapapo tena.

Kwa mtumiaji anayefungua programu mara kwa mara niliamua kutokata kiungo kabisa. Miadi nimeiweka milisekunde 30, na kihisi kinaruhusiwa kuruka 30 mfululizo kikiwa hakina la kusema, kwa hiyo huamka takriban mara moja kwa sekunde. Kipimo kipya kikipatikana, hukituma kwenye miadi ya karibu bila kungoja. Muda wa kuhesabu kwamba kiungo kimekatika lazima uzidi mara mbili ya usingizi huo. Nimeuweka sekunde 4.